Jinsi ya Kusoma Shairi la Wapuritani Bila Kukimbilia Mwisho Wake

Mpe mtu shairi la Kipuritani, na macho yake yatakimbilia mishororo ya mwisho. Huko anakuta mbingu, anakuta Mungu, anaandika kwenye daftari "dhamira: imani", anafunga kitabu. Jibu lake si la uongo, ila shairi lenyewe hajalisoma. Wapuritani wa New England, wale Waingereza wa karne ya 17 waliovuka Atlantiki ili waabudu kwa namna waliyoiona kuwa safi, walijua mwisho wa shairi hata kabla ya kuchovya kalamu: Mungu ni mwema, dunia inapita. Wasichokijua ni kama moyo utakubali kufika huko, na utafika katika hali gani. Safari hiyo ya moyo imehifadhiwa katika tamathali za semi, na ndiyo tutakayoifuata hapa hatua kwa hatua.

Uwe na penseli, karatasi na Biblia. Mashairi nitakayoyataja yanapatikana kwa urahisi mtandaoni kwa Kiingereza chake cha zamani. Tafsiri za Kiswahili zilizomo humu ni zangu, na nimezifanya za maana tu, sikutafuta vina.

Hatua ya 1: Anza na shairi fupi, ulisome kwa sauti

Chukua "To My Dear and Loving Husband" la Anne Bradstreet. Lina mishororo 12 tu, na vina vyake vinakwenda jozi kwa jozi. Lisome mara mbili bila kuandika chochote. Linasema hivi: kama kuna wawili waliowahi kuwa mmoja, basi ni sisi, kama kuna mume aliyewahi kupendwa na mkewe, basi ni wewe. Kisha nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, anawageukia wanawake wengine na kuwaambia wajilinganishe naye kama wanaweza. Pendo la mumewe analithamini kuliko migodi mizima ya dhahabu na utajiri wote wa Mashariki. Lake yeye mito haiwezi kulizima. Hana namna ya kumlipa mumewe, hivyo anaziomba mbingu zimlipe. Mwishoni anasema: tukiwa hai tudumu katika kupendana, ili siku tutakapokuwa hatuishi tena, tuishi milele.

Ukisoma kwa sauti utasikia jinsi "kama" inavyorudiwa mwanzoni mwa mishororo mitatu ya kwanza, kila moja ikimwongezea msemaji ujasiri. Huyu mwanamke anajigamba, na anajigamba kwa furaha. Kwa hiyo iweke kando picha ya Wapuritani kama watu waliokunja nyuso na kuogopa mapenzi. Wahubiri wao walifundisha kwamba kumpenda mwenzi wa ndoa ni wajibu na ni zawadi. Hofu yao ilikuwa mahali pengine: zawadi isije ikapendwa kumshinda aliyeitoa. Iandike hofu hiyo juu ya karatasi yako, maana kila tamathali utakayokutana nayo inaigusa.

Hatua ya 2: Mjue mwandishi kwa kiasi

Usizame sana hapa. Anne alizaliwa Uingereza, Northampton, karibu mwaka 1612. Aliolewa na Simon Bradstreet akiwa bado msichana, na mwaka 1630 wakapanda meli iitwayo Arbella pamoja na baba yake, Thomas Dudley, kwenda koloni la Massachusetts Bay. Baba yake na mumewe wote wawili waliwahi kuwa magavana wa koloni hilo. Alizaa watoto wanane. Mwaka 1650 shemeji yake, John Woodbridge, alifanya mpango mashairi yake yakachapishwa London, naye Anne alifariki mwaka 1672.

Jambo moja katika historia hiyo lina uzito kwa msomaji. Mashairi ya mapenzi na ya familia hayamo katika kitabu cha 1650. Mengi yake yalitoka Boston mwaka 1678, mwandishi akiwa ameshazikwa miaka sita, na mengine yalibaki katika maandishi ya mkono kwa muda mrefu zaidi. Yaliandikwa kwa ajili ya watu wa nyumbani. Mume anayetajwa ni mume kweli, anayesafiri mara kwa mara kwa kazi za serikali, na mke anabaki Ipswich akimngoja. Hayo yanatosha.

Hatua ya 3: Tafuta aya iliyo chini ya kila picha

Wapuritani walipenda lugha nyofu. Makanisa yao hayakuwa na michoro wala sanamu, na mahubiri yao yalipangwa ili hata mtu asiye msomi aelewe. Pambo la maneno kwa ajili ya pambo waliliona kuwa hatari kwa roho. Basi mshairi wao alipata wapi ruhusa ya kutumia sitiari? Aliipata katika Biblia, ambayo imejaa mashamba ya mizabibu, wachungaji, maharusi na taa. Na katika vitu vya nyumbani mwake, kwa kuwa waliamini Mungu husema na watu hata kupitia tukio dogo la siku ya kawaida.

Kwa hiyo kila unapokuta picha, simama uulize: imetoka katika Maandiko, imetoka jikoni, au kotekote? Piga mstari chini yake na uandike pembeni. Wawili kuwa mmoja ni Mwanzo 2:24. Mito isiyoweza kulizima pendo ni Wimbo Ulio Bora 8:7. Sasa tulia kidogo kwenye huu wa pili. Makanisa ya Kikristo, ya Wapuritani yakiwamo, yaliusoma Wimbo Ulio Bora kama habari ya Kristo na Kanisa lake. Anne anauchukua mshororo huo na kumwambia Simon, mtu wa nyama na damu, bila kueleza na bila kuomba radhi. Kwake hakuna lugha mbili za upendo, moja ya kanisani na nyingine ya chumbani. Hilo msomaji anayerukia mwisho hawezi kuliona.

Hatua ya 4: Fuata maneno ya deni na malipo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inafungua mashairi mengi kwa mara moja. Rudi kwenye ile mishororo 12 na uzungushie duara kila neno la mali: migodi, dhahabu, utajiri, kufidia, kulipa, tuzo. Shairi la mapenzi limejaa lugha ya sokoni! Mwanzoni ni chuku ya kawaida, ile ambayo mpenzi yeyote angeitumia: wewe ni zaidi ya dhahabu. Lakini tazama chuku hiyo inavyogeuka. Nafsineni akishasema kwamba pendo halipimiki kwa mali, anaanza kuongea kama mdaiwa: upendo wako siwezi kuulipa kwa njia yoyote.

Mpuritani yeyote aliyesikia maneno hayo aliyajua. Ndiyo mafundisho ya neema kama alivyoyasikia kila Jumapili: mwanadamu ana deni asiloweza kulilipa kwa matendo yake, na anayelilipa ni mwingine. Anne ameyachukua mafundisho yale na kuyaweka ndani ya ndoa. Kumpenda Simon kunamfundisha jinsi inavyokuwa kupokea usichostahili wala usichoweza kurudisha, na anapoziomba mbingu zimlipe mumewe, anamkabidhi deni lake yule yule anayelipa madeni yote. Kwa hiyo ule umilele wa mshororo wa mwisho haukubandikwa juu ya shairi ili lionekane la kidini. Umekuwa ukijengwa tangu kwenye ile migodi ya dhahabu.

Zoea kuuwinda msamiati huu. Kukopesha, kununua, bei, hazina, ghala: utaukuta kila mahali, na karibu kila mara unakuonyesha pale ambapo upendo wa kidunia na imani vinashika kitu kimoja kwa mikono miwili. Katika barua ya kishairi aliyomwandikia Simon akiwa safarini, anamwita kichwa chake, moyo wake, macho yake, kisha anamwita ghala la mali yake ya duniani. Jiulize kama mwanamke wa imani ile angeweza kuandika neno "duniani" bila kulisikia likimwonya.

Hatua ya 5: Ligawe shairi refu, uone moyo unarudi nyuma wapi

Usiku wa tarehe 10 Julai 1666 nyumba ya akina Bradstreet iliungua. Walikuwa wakiishi Andover, mahali panapoitwa sasa North Andover. Anne aliandika juu ya moto huo shairi la mishororo 54. Lichapishe, kisha chora mistari ya penseli baada ya mshororo wa 20 na baada ya mshororo wa 36.

Katika sehemu ya kwanza anaamshwa na makelele ya moto, anamlilia Mungu, anatoka nje na kuyaona makao yake yakiteketea. Anaposhindwa kutazama zaidi, analibariki jina la yule aliyetoa na kutwaa. Maneno ni ya Ayubu, sura ya 1. Anaendelea: ilikuwa mali yake, haikuwa yangu, angeweza kuchukua vyote kwa haki, lakini ametuachia vya kututosha.

Shairi lingeweza kuishia hapo. Imani imekiriwa, Maandiko yametajwa, mhubiri angeridhika. Msomaji wa haraka hudhani kwamba shairi linakwenda kutoka huzuni hadi imani. Penseli yako inaonyesha jambo jingine: imani imekuja mapema, ndani ya mishororo 20 ya mwanzo, kisha huzuni ikarudi.

Inarudi katika mshororo wa 21, anapopita karibu na magofu. Anaelekeza macho huku na huku na kuhesabu: hapa palikuwa na lile sanduku, pale kasha, pale akiba niliyoithamini kuliko yote. Hakuna sitiari hapo. Ni vitu tu, kwa majina yake, na vinauma zaidi kwa sababu havijapambwa. Halafu bila kutangaza anaanza kuisemesha nyumba yenyewe. Chini ya paa lako mgeni hataketi tena. Mezani pako hatakula tonge. Mshumaa hautawaka ndani yako, wala sauti ya bwana arusi haitasikika. Katika kimya utalala daima. Tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu) na ritifaa (kumsemesha asiyeweza kujibu) vimeungana hapa: nyumba imekuwa marehemu, na haya ni maneno ya kuiaga.

Sasa fungua Ufunuo 18:23. Mshumaa usiowaka tena ndani yako, sauti ya bwana arusi isiyosikika tena ndani yako: ni hukumu juu ya Babeli, mji wa anasa ulioangushwa na Mungu. Anne ameyachukua maneno ya hukumu na kuyaomboleza juu ya nyumba aliyoipenda. Je, anaiita nyumba yake Babeli? Au amechukua maneno makali kuliko yote aliyoyajua kuhusu kimya cha nyumba, akayajaza machozi? Mimi naamini ni yote mawili, na kwamba hakutaka kuchagua. Picha moja inahukumu na inalia kwa wakati uleule. Ukielewa jozi hii moja ya mishororo, umeelewa kazi ya tamathali katika ushairi wa Kipuritani.

Mshororo wa 36 unafunga kwa maneno ya kitabu cha Mhubiri, yote ni ubatili, na mara anaanza kuukaripia moyo wake: utajiri wako ulikuwa duniani? Tumaini lako uliliweka kwenye vumbi linalooza? Aliyesoma utenzi wa Al-Inkishafi ameshamsikia mshairi akiusuta moyo wake mbele ya majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Wawili hawa hawakujuana kamwe, lakini sikio lililozoea sauti ile litaitambua hii upesi.

Katika sehemu hii ya tatu chunguza jambo moja hasa: mbingu anaionaje? Anaiona kama nyumba. Ina msanifu aliyeijenga, imepambwa kwa fahari, imenunuliwa, na bei imekwisha kulipwa. Msamiati wa deni umerudi. Aliyetoka kulia sanduku na kasha anafarijiwa kwa nyumba yenye samani ndani yake. Upendo wake kwa nyumba haukuzimwa. Umepewa mahali pengine pa kukaa. Na mshororo wa 53 usiusome kana kwamba umeandika "siipendi dunia tena". Anaomba: dunia nisiipende tena, yaani aachishwe. Mtu haombi kuachishwa asichokipenda.

Hatua ya 6: Jazanda ndefu ichore

Jazanda ni picha inayoendelezwa. Bradstreet huweka picha nyingi fupi. Edward Taylor hufanya kinyume: huchukua kitu kimoja na kukivunja kipande kwa kipande hadi kiishe. Alikuwa mchungaji na tabibu wa mji mdogo wa Westfield, magharibi mwa Massachusetts, kwa zaidi ya miaka 50. Mashairi yake hakuyachapisha. Alifariki mwaka 1729, na maandishi yake yalikaa kimya katika maktaba ya Yale hadi mwaka 1937, Thomas H. Johnson alipoyagundua.

Chukua "Huswifery", beti tatu za mishororo sita sita. Lina vyombo vingi kiasi kwamba ukisoma kwa macho tu utapotea, hivyo chora safu mbili: upande mmoja chombo, upande wa pili kinachosimamiwa na chombo hicho. Ubeti wa kwanza ni gurudumu la kusokotea sufu. Neno la Mungu ni kijiti kinachoshikilia sufu, mapenzi ya moyo ni mabawa yanayozungusha uzi, roho ndiyo inayoviringiwa uzi huo, na mwenendo ndio unaoukunja. Ubeti wa pili ni kitanda cha mfumi: Roho Mtakatifu anaandaa nyuzi, Mungu mwenyewe anafuma, kisha nguo inashindiliwa na kutiwa rangi za mbinguni. Ubeti wa tatu nguo inavaliwa, nayo inavika akili, utashi, mapenzi, uamuzi, dhamiri, kumbukumbu, maneno na matendo.

Ukimaliza kuchora, jibu maswali mawili. Kwanza, nafsineni yuko wapi katika kila ubeti? Mwanzo ni gurudumu, kisha ni kitanda cha mfumi, mwisho ni mwili unaovikwa. Vyombo vinatumika na mwili unapokea; hakuna ubeti ambao yeye ndiye fundi. Hapo umepata mafundisho ya neema bila neno "neema" kutajwa. Pili, ni kitu gani kinatokea mara mbili katika safu yako? Ni mapenzi ya moyo. Katika ubeti wa kwanza yanazunguka kwa kasi yakifanya kazi ndani ya gurudumu, na katika wa tatu yanavikwa vazi ambalo yenyewe yalisaidia kulitengeneza. Anayesema Wapuritani walitaka kuukata upendo wa mwanadamu na kuutupa, mwonyeshe mchoro huo.

Hatua ya 7: Ukiandika, andika kitenzi

Hii ni fupi, kwa wanaojibu maswali ya insha. "Mshairi ametumia sitiari ya nyumba" ni sentensi isiyo na kazi. Baada ya jina la tamathali weka kitenzi kinachosema inafanya nini mahali ilipo: inaahirisha, inakubali, inapinga, inahamisha, inaficha. "Nyumba ya mbinguni inahamisha upendo uliokuwa kwenye sanduku na kasha" tayari ni hoja, na unaweza kuitetea kwa mishororo. Wala usilazimike kuamua kama Anne alikuwa mwasi aliyejificha au mtakatifu asiye na shaka. Wahakiki wamevutana sana juu ya hilo. Mashairi yenyewe yanaonyesha mtu aliyeamini kwa dhati na kupenda kwa dhati, na uzito wote uko hapo.

Hatua ya 8: Jipime kwa mashairi ya wajukuu watatu

Mwisho, fanya kazi peke yako. Anne aliwaandikia wajukuu zake watatu mashairi ya maombolezo: Elizabeth, aliyefariki Agosti 1665 akiwa na mwaka mmoja na nusu, Anne, Juni 1669, miaka mitatu na miezi saba, na Simon, Novemba 1669, mwezi mmoja na siku moja. Yasome kwa mfuatano huo, wala usianze na la mwisho.

Fuatilia ua. Elizabeth ni ua zuri lililoazimwa kwa muda. Anne mdogo ni ua linalonyauka, ni povu, ni kioo chepesi kuvunjika, ni kivuli, na bibi yake anajiita mpumbavu kwa kukitazama kilichoazimwa kana kwamba ni chake. Ikifika zamu ya Simon, maua ni matatu, mawili hayajachanua sawasawa na la tatu ni kichupukizi, na mkono ulioyakata unatajwa waziwazi kuwa ni wa Mwenyezi. Weka Ayubu 14:2 kando yake. Andika ni shairi lipi linatoa sababu ya kifo kutoka katika maumbile, kwamba mti huoza ukizeeka na tunda huanguka likiiva, na sababu hiyo inamfaa mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa kiasi gani.

Kisha fuatilia lile deni la hatua ya 4: ni nani aliyeazima, nani mwenye mali, nani anatakiwa kurudisha. Halafu ndipo usome mishororo ya katikati ya shairi la Simon. Anasema tusibishane kwa nini Mungu ametaka hivyo. Kwa mioyo minyenyekevu na vinywa vilivyowekwa mavumbini, tuseme kwamba yeye ana rehema kama alivyo na haki. Piga mstari chini ya "tuseme". Jaza ukurasa mmoja ukieleza kwa nini hakuandika tu kwamba Mungu ana rehema, na kila unalolidai ulitolee mshororo kutoka katika mashairi mawili yaliyotangulia.